Hasira ya Namba 199

Aprili 2000, timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ziliketi kuteua vijana wanaomaliza vyuo. Tom Brady wa Chuo Kikuu cha Michigan alisubiri raundi tano nzima bila kusikia jina lake. Makwotabeki sita, yaani wale wanaoongoza mashambulizi na kupiga pasi, walishachukuliwa ndipo New England Patriots wakamtwaa katika raundi ya sita, akiwa wa 199. Katika vipimo vya wachezaji vilivyofanyika Indianapolis kabla ya uteuzi, alikuwa amekimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo wa kuchekesha katika mchezo huo. Alikuja kustaafu na mataji saba ya Super Bowl. Hata alipokwisha kuwa bingwa, alitokwa na machozi akihojiwa kuhusu siku ile.

Je, kudharauliwa humpa mtu nguvu? Samir Nurmohamed, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alichapisha mwaka 2020 matokeo yanayosema ndiyo, ila kwa sharti. Mtu anayeambiwa hataweza hujituma zaidi pale anapoona sababu ya kutowaamini wanaomhukumu. Hapo hamu ya kuwaumbua humsukuma. Akiwaona ni wajuzi wa kweli, maneno yaleyale humkatisha tamaa.

Na wateuzi wa NFL wana mengi ya kutiliwa shaka. Watafiti Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akiwa mshindi wa Nobeli ya uchumi, walilinganisha kila mchezaji na aliyefuata kuteuliwa katika nafasi ileile ya uwanjani. Aliyetangulia alifanya vizuri zaidi katika takriban asilimia 52 tu ya milinganisho hiyo. Ungerusha shilingi usingekosea sana. Saa hupima miguu. Haipimi jinsi kijana anavyosoma safu ya ulinzi huku majitu yakimjia mbio.

Hata hivyo, mimi siuamini sana utamu wa hadithi ya hasira. Hasira ni kibiriti: huwasha jiko, lakini anayetaka kupika misimu ishirini anahitaji mkaa. Mwanasaikolojia Edward Deci alionyesha mwaka 1971 kwamba wanafunzi waliolipwa kufumbua mafumbo walipungukiwa na hamu ya kuyachezea malipo yalipokoma. Kuwaumbua watu nako ni malipo, na hukoma. Kijana ambaye lengo lake lote ni kusikia jina lake likitajwa hulifikia usiku mmoja, na kesho yake asubuhi mazoezi yanamngoja.

Tena tunawasikiliza waliofanikiwa peke yao. Mwaka ule waliteuliwa wachezaji 254, maana yake 55 walidharauliwa zaidi kuliko Brady. Nao walikuwa na haki ya kukasirika, lakini nani huwahoji? Brady mwenyewe alianza akiwa kwotabeki wa nne kikosini, na mlango ulimfungukia Septemba 2001, pale kwotabeki wa kwanza wa timu, Drew Bledsoe, alipogongwa na mchezaji wa New York Jets, damu ikamvujia ndani ya kifua.