Kabla ya kuiaga miwani: je, upasuaji wa leza wakufaa?

Binti wa dada yangu ametimiza miaka 20, na ndoa yake, inshaallah, itafungwa mwezi wa Shawwal. Ametuomba jambo moja: afanyiwe upasuaji wa macho kwa leza ili siku hiyo asikae mbele ya wageni na miwani usoni. Fedha zimeshachangwa. Nilipomuuliza ni lini alibadilishiwa miwani, akajibu: "Mwaka jana, mjomba, na mwaka juzi pia."

Jibu hilo peke yake latosha kuahirisha safari. Leza huchonga konea, yaani ule utando angavu ulio mbele ya mboni, ili mwanga utue mahali pake nyuma ya jicho. Jicho ambalo bado linabadilika likichongwa leo, huenda mwakani likadai miwani tena. Ndiyo maana madaktari hutaka namba ya miwani iwe imetulia walau mwaka mmoja. Mjamzito na anayenyonyesha nao huambiwa wasubiri.

Liko jambo zito zaidi. Unene wa konea katikati ni kiasi cha nusu milimita tu, na kilichochongwa hakirudi. Ikiwa ni nyembamba mno, au imeanza kuchomoza mbele mfano wa pia, upasuaji waweza kuidhoofisha hata miwani ya kawaida isifae tena. Kufikicha macho mara kwa mara kwa sababu ya mzio huihatarisha konea, na mazoea hayo mzazi huyajua kuliko daktari; basi ayaseme. Anayevaa lenzi laini za machoni huziacha kwa muda, mara nyingi wiki mbili, kabla ya kupimwa, kwani hubadili umbo la konea.

Macho makavu huweza kuzidi baada ya upasuaji, na wapo wanaoona miduara ya mwanga kwenye taa usiku. Dereva wa safari za usiku alipime hilo vyema. Na wewe uliyevuka miaka 40, usiyeona mbali, uliyezoea kuvua miwani ili usome msahafu: jicho likisharekebishwa lione mbali, yamkini utaihitaji miwani pale pale ulipokuwa huihitaji.

Baada ya upasuaji, maji huzuiwa kuingia jichoni kwa siku kadhaa, na wanja pia, jambo ambalo bibi harusi wetu hakulifikiria. Muulizeni daktari ni siku ngapi, kisha jibu lake mlipeleke kwa sheikh wenu mapema, msije mkatafuta hukumu ya udhu hali adhana imeshaadhiniwa.

Binti amekubali kupimwa konea kwanza, na namba yake itazamwe tena mwakani. Kwa ajili ya Shawwal, mama yake ameshamwagizia fremu mpya, nyembamba, ya rangi ya dhahabu.