Semesta imefungwa, lakini masomo mengine yako nyumbani kwetu



Majuma haya, katika nyumba zetu nyingi kunasikika neno moja tu: matokeo. Semesta imefungwa. Vijana wanakwenda chuoni asubuhi kutazama ubao wa matangazo, wanarudi, na sisi tunawapokea mlangoni kwa swali lile lile: "Umepita?" Akijibu ndiyo, tunamshukuru Mungu. Akijibu bado, tunakasirika, tunataja minervali tuliyolipa, kisha tunarudi kwenye biashara zetu.

Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilianza kubadilika siku ya posho moja, mkuu wa chuo anaposoma binti yangu alipowaita wazazi kufunga semesta. Nilikwenda nikidhani nitasikia habari za makuta tu. Habari za makuta zilikuwepo, sitawaficha. Lakini alianza kwa kuhesabu mambo mengine: masomo mangapi yamekwisha, mangapi yamebaki kwa sababu profesa hakufika, na wanafunzi wangapi walioandikwa mwanzoni hawakuonekana kwenye mtihani. Kisha akasema jambo lililonigusa: sehemu ya pointi za watoto wetu haitengenezwi darasani, inatengenezwa nyumbani, na chuo hakina ufunguo wa nyumba zetu.

Vyuo vyetu vimetoka wapi

Tusisahau kwamba wengi wetu tulikua wakati ambapo mtoto mwenye Diploma ya Serikali alipaswa kusafiri mbali, Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa, ili asome chuo kikuu. Wazazi waliokuwa na uwezo huo walikuwa wachache, na waliokubali kumtuma msichana walikuwa wachache zaidi. Mwaka 1989 Mgr Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni tangu 1966, alianzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, UCG, hapa Butembo. Leo kinafundisha udaktari, sheria, kilimo, utabibu wa mifugo, uchumi na mengine. Huko Beni, mwaka 2007, David Kasali, aliyekuwa ameongoza chuo cha teolojia Nairobi, pamoja na mke wake Kaswera, walifungua UCBC, chuo ambako wanafunzi wanasoma kwa Kifaransa na Kiingereza, na ambako kazi za mikono ni sehemu ya masomo. Baadaye vyuo vingine vimeongezeka, vya serikali na vya watu binafsi.

Kufunga semesta katika nchi yetu si jambo dogo. Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni imezika watu wake waliouawa, na vijana wengi wameingia kwenye mtihani wakitoka kwenye matanga. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola, iliyodumu hadi 25 Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2.200. Katikati ya ugonjwa huo, tarehe 19 Aprili 2019, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na OMS, aliuawa ndani ya hospitali ya chuo kikuu hapa Butembo. Mwezi wa tatu 2020 vyuo vyote vya nchi vilifungwa kwa sababu ya Korona. Mwezi wa sita 2024 Kanyabayonga ilitekwa, na mwezi wa kwanza 2025 ikawa zamu ya Goma. Uwanja wa ndege ukafungwa na barabara zikakatika. Maprofesa wengi wanaofundisha huku ni wageni, wanakuja kwa majuma machache kisha wanarudi kwao. Njia ikikatika, somo linasogezwa, na mtihani unasogezwa nalo.

Kwa hiyo mtoto akikuambia "Mama, kuna somo moja hatujafanya," usiseme haraka kwamba anadanganya. Uliza chuoni.

LMD ni nini, na kwa nini wamama tunachanganyikiwa

Jambo la pili lililotuchanganya ni mfumo mpya. Zamani mtoto alisoma graduati miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Tulizoea hivyo: lisansi maana yake ni miaka 5. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya nchi vilianza kuingia kwenye LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2, kisha udokta. Kwa hiyo kijana anayemaliza lisansi kwa miaka 3 hakukatiza masomo na hakukudanganya. Ni neno lile lile lenye hesabu nyingine. Udaktari wa hospitali una hesabu yake ndefu zaidi.

Kila mwaka una semesta mbili, na kila semesta ina kredi 30. Mwaka mmoja ni kredi 60, lisansi nzima ni kredi 180. Ni kama kibaba: haba na haba, ndivyo kinavyojaa. Somo alilolipita, kredi zake ni zake, hazipotei. Somo aliloshindwa linabaki kama deni, naye analilipa kwa kulirudia. Zamani tulizoea kuona mtoto akirudia mwaka mzima, hata masomo aliyokuwa ameyapita. Sasa swali la "Umepita?" halitoshi. Swali zuri ni: "Umepata kredi ngapi kati ya 30, na deni liko kwenye masomo gani?"

Na hapa ndipo maneno ya yule mkuu yanapoingia. Kredi haihesabu saa za darasani peke yake. Inahesabu pia saa ambazo mwanafunzi anasoma mwenyewe, anaandika kazi, anafanya mazoezi pamoja na wenzake. Saa hizo zimepangwa na chuo, lakini zinafanyika nyumbani. Kama nyumbani hazipo, kredi haitoki.

Niliyoyaona nyumbani kwangu

Nilirudi nikiwa na karatasi ya matokeo ya binti yangu. Alikuwa na madeni mawili. Juma lililotangulia nilikuwa nimemwambia maneno makali, kwamba anatupa makuta ya maharagi yangu chooni. Jioni ile nilikaa, nikahesabu siku yake kama ninavyohesabu magunia.

Alitoka nyumbani alfajiri. Akirudi alasiri, alichota maji, alitwanga sombe, aliwasha makala, alisonga ugali, alinishikia meza yangu sokoni ili niende kuwatafuta wateja wanaonidai na ninaowadai. Baada ya kuosha vyombo ilikuwa saa tatu ya usiku. Hapo ndipo alipofungua daftari, kwa taa ya simu ambayo mara nyingi ilikuwa imebaki na moto kidogo. Kaka yake, aliye sekondari, alikuwa amekula na kusoma tangu saa kumi na mbili.

Nilimuuliza masomo aliyoshindwa ni yapi. Yalikuwa mawili yenye kazi nyingi za kufanya nyumbani. Hakuwa ameniambia kamwe. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu: "Mama, ningekuambia nini? Wewe pia unachoka."

Tumepanga upya. Kaka zake wanachota maji na kuosha vyombo. Wa kwanza alinung'unika kwamba hiyo ni kazi ya wasichana. Baba yake alimjibu kwamba ndoo haijui. Mimi nafunga meza mapema siku mbili kwa juma ili niwe jikoni mwenyewe. Sitasema kwamba hainiumizi. Jioni ndiyo saa ambayo watu wananunua, na siku hizo mbili narudi na makuta kidogo. Semesta iliyofuata binti yangu alilipa deni moja. La pili bado analo. Lakini sasa najua jina la somo hilo, na najua siku atakayolirudia.

Tunaweza kufanya nini sisi wamama

Haya ndiyo tuliyozungumza katika kikundi chetu. Jaribuni kuyazungumza katika vyenu.

1. Omba kuiona karatasi ya matokeo yenyewe, wala usitosheke na jibu la mdomo. Kama husomi Kifaransa, mwombe mtoto akueleze mstari kwa mstari, au mwombe mwenzako wa kikundi.

2. Uliza tarehe tatu: semesta inaanza lini, mtihani ni lini, na madeni yanarudiwa lini. Ziandike mahali unapoziona, karibu na tarehe zako za likelemba.

3. Panga zamu za likelemba kufuatana na tarehe hizo. Sehemu ya minervali mara nyingi inadaiwa kabla ya mtihani, na mwanafunzi asiyelipa anaweza kuzuiwa mlangoni. Kikundi chetu kilikubali kwamba mama mwenye mwanafunzi apokee zamu yake kabla ya siku hizo. Haikutugharimu kitu isipokuwa kubadilishana nafasi.

4. Mpe mtoto saa mbili za jioni ambazo hakuna anayemtuma. Kama ni msichana, ziangalie kwa macho yako, kwa sababu ndizo zinazoibiwa kwanza.

5. Msichana aliyekuwa na pointi nzuri akianza kushindwa somo moja tu, au akikataa kwenda kwenye somo moja, muulize polepole, mkiwa wawili. Kuna walimu wanaouza pointi kwa mwili. Hilo si aibu ya mtoto. Ni kosa mbele ya sheria, na sheria ya 20 Julai 2006 juu ya makosa ya ngono inalitaja. Msikilize kwanza, usimlaumu, kisha mtafute msaada pamoja.

Neno la mwisho ni kwa wamama ambao watoto wao ni kati ya wale wasioonekana kwenye mtihani. Wengine wamekimbia kutoka Lubero na Rutshuru, wengine wamekosa minervali, wengine wanaendesha pikipiki ili wadogo zao wale, na kuna wasichana waliopata mimba wakaona haya kurudi. Kredi walizokwisha kupata hazijafa. Nendeni chuoni pamoja naye, ombeni karatasi ya kredi zake, muulize anaweza kurudi kwa mlango gani. Mkiogopa kwenda peke yenu, njooni kwenye mkutano wetu wa juma. Tutatafuta mama mmoja wa kuwasindikiza.

Nawatakia likizo njema ninyi na watoto wenu. Jioni ya leo, kabla ya kumtuma makala, mwulizeni: deni lako liko wapi, nami nikusaidie namna gani?