Nani Anajaza Sanduku la Mgeni?

Kundi la wageni wa kanisa linapotua Uwanja wa Ndege wa Songwe, masanduku huwa mazito. Tiketi nyingi za kutoka Marekani kuja Afrika zimezoeleka kumruhusu abiria masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, na wageni wa namna hii huja wamejipanga: nguo zimebanwa kwenye sanduku moja, la pili limeachiwa zawadi. Humo mna miwani ya kusomea, madaftari, mipira, vifaa vya zahanati na fulana zilizobaki kwenye kambi ya watoto ya mwaka jana. Wiki mbili baadaye vyote vimeshagawiwa. Sanduku la pili liko wazi.

Tuseme wageni ni 12, na kila mmoja amebakiwa na nafasi ya kilo 20. Hizo ni kilo 240 za mzigo ambao shirika la ndege limeshalipwa kuubeba hadi Minneapolis. Hakuna mkulima wa kahawa wa Mbozi wala msuka vikapu wa Iringa anayeweza kupata usafiri wa bei hiyo kwingine. Na iko siku moja tu inayoamua kama masanduku hayo yataondoka na mali au na hewa. Kwenye ratiba huandikwa "mapumziko na kutalii", katikati ya ibada ya kuagana na safari ya kurudi.

Katika ziara nzima, karibu ni hiyo siku pekee ambayo mgeni anatoa fedha kwa mkono wake mwenyewe. Siku nyingine amelala hosteli ya kanisa, amepikiwa na akina mama wa ushirika, amepanda gari la dayosisi. Yote hayo yalishapita kwa mhazini miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo anayeuliza ziara za makanisa zinaliingizia nini soko la Mbeya, anauliza habari za siku moja.

Ujio wenyewe ni wa zamani. Wamoraviani wa Herrnhut walifika Rungwe mwaka 1891, mwaka uleule ambao Waluteri wa Misheni ya Berlin nao waliingia Unyakyusa, wote wakipitia Ziwa Nyasa. Wale hawakuwa na siku ya mwisho, walikuja kukaa. Leo uhusiano huohuo unaendeshwa kwa ziara za wiki mbili. Wapo wanaokwenda Rungwe na Tukuyu, wapo wa Makanisa ya Kristo wanaokwenda hospitali ya misheni ya Chimala, na upande wa Iringa wapo Waluteri wa Sinodi ya Saint Paul, Minnesota, walioungana na Dayosisi ya Iringa ya KKKT tangu 1987 kwa jina la Bega kwa Bega. Huo wa Iringa nitaurudia, kwa sababu Mbeya ina la kujifunza pale.

Kwa miaka mingi Mbeya iliipoteza siku ya mwisho kwa sababu ya barabara. Kabla ya Songwe kufunguliwa Desemba 2012, kundi lenye ndege ya usiku Dar es Salaam liliondoka mapema kwa basi au Coaster ya kukodi, zaidi ya kilomita 800. Hakuna mratibu mwenye akili zake ambaye angewapandisha wageni mlima huku safari kama hiyo ikiwangoja. Siku ya kutalii iliwekwa njiani, na njiani kuna Mikumi, hifadhi iliyopasuliwa na barabara kuu kwa kilomita 50 hivi. Wageni wanalala jirani na geti, alfajiri wanaona tembo na twiga, mchana wanaendelea na safari. Mbeya iliwalisha na kuwaombea, Morogoro ikawauzia.

Ndege imevunja hesabu hiyo. Mgeni anaweza kunywa chai Tukuyu asubuhi na usiku akawa Dar es Salaam. Hata hivyo ratiba nyingi bado zinafuata njia ya zamani, na ukichunguza utakuta sababu si lami tena. Ratiba huandikwa Marekani au Ujerumani, na anayeiandika hunakili ya msafara uliopita. Huko mbali jina la Mikumi linajulikana, la Ruaha linajulikana kidogo, na Ngozi hakuna anayelijua.

Tuseme basi mratibu ameamua wageni wabaki Mbeya. Atawapeleka wapi?

Ngozi ndiyo ya kwanza kutajwa, ziwa la kreta ndani ya milima ya Uporoto, mwendo mfupi kutoka barabara ya Tukuyu. Ni pazuri kweli. Lakini mwandishi wa habari za biashara lazima aangalie miguu ya mteja. Makundi haya yana wastaafu wengi, watu wenye muda na akiba, na njia ya Ngozi ni ya msitu wenye unyevu, telezi, mwisho wake ni mwinuko ambao unashika mizizi kwa mikono. Nusu ya kundi inafika juu. Nusu nyingine inabaki chini kwenye gari, saa tatu au nne, na fedha mfukoni, na hakuna anayewauzia hata kikombe cha kahawa ya mkoa huohuo.

Daraja la Mungu lina nafuu kwa wazee. Mto Kiwira umepita chini ya upinde wa mwamba wa volkano, na kwa kundi la kanisa jina lenyewe ni tangazo tosha. Mchungaji hakosi neno la kusema pale. Kijungu nako si mbali, ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira. Tatizo ni kwamba vyote viwili vinakwisha upesi. Picha, picha tena, gari linawashwa. Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani 12 hivi kilichoanguka kutoka angani, ni hivyohivyo, na tangu Mkoa wa Songwe uanzishwe mwaka 2016 hata kuhesabiwa hakihesabiwi tena upande wa Mbeya.

Kitulo ingefaa kuwa jibu. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua, jambo la nadra Afrika, na wenyeji waliiita Bustani ya Mungu zamani sana. Barabara ya kuipandia kutoka Chimala ina kona zinazoitwa Hamsini na Saba, na wapo wageni wanaohesabu kila moja kwa sauti mpaka tumbo liwakatalie. Shida ni kalenda. Maua ya Kitulo yanachanua wakati wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Makundi mengi ya makanisa huja Juni hadi Agosti, shule za kwao zikiwa zimefungwa, na wakati huo juu kule ni nyasi zilizokauka na baridi ya kuuma masikio. Kiingilio cha mgeni asiye mkazi, ambacho kimekuwa dola 30 kwa saa 24 kabla ya VAT, hakipungui kwa sababu maua hayapo. Kwa watu 12 ni dola 360, na VAT ya asilimia 18 inaifikisha 424.80. Kiasi hicho chote kinaishia getini, na kijiji cha Matamba kinabaki kuuza viazi.

Iliyobaki ni Matema, na hapa nitakaa kidogo.

Matema iko kaskazini mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, saa tatu hivi kutoka Mbeya mjini. Makanisa yana nyumba za wageni ufukweni, kwa hiyo mgeni anajisikia yuko mikono salama. Ukitembea ufukweni kufuata mlima unafika Lyulilo, kwenye soko la vyungu la Jumamosi. Wafinyanzi ni wanawake wa Kikisi. Vyungu vinakuja kwa mitumbwi, vinashushwa mchangani, vimepangwa kwa ukubwa, na wachuuzi wa kupeleka Kyela, Tukuyu na Mbeya wanavipiga kwa ukucha kusikiliza kama vina ufa. Mgeni wa Minnesota anakishika kimoja kwa mikono miwili kama anashika mtoto. Mfinyanzi anamwambia mkalimani, "Mwambie mgeni, kaka, hiki hakivuji." Mkalimani anatafsiri. Mgeni anakigeuza, anakisifu, anapiga picha, kisha anakirudisha mchangani. Kitavunjika njiani, anasema, na hajakosea. Chungu cha kupikia maharage hakipandi ndege.

Kipo chungu ambacho kingepanda. Kikombe, kibakuli, kitu cha kuwekea mshumaa, kilichozungushiwa nyasi vizuri na kutiwa kwenye kikapu cha kipimo chake. Udongo ni uleule na mikono ni ileile. Anayekosekana ni mtu wa kumwambia mfinyanzi kwamba mteja wa Julai ana sanduku la kilo 23, si lori. Mchuuzi wa Kyela hawezi kumwambia hivyo, maana yeye anataka vyungu vikubwa. Kanisa lingeweza.

Kuna jambo la pili linalowafanya wageni wasinunue, nalo linazungumzwa kwa aibu: wameshapewa. Jumapili ya kuagana, akina mama wanapita mbele wakiimba na kila mgeni anavikwa kitenge, anakabidhiwa kikapu, pengine na mayai na jogoo juu yake. Ukarimu huo siwezi kuubeza. Lakini fuata fedha. Kitenge kile kilinunuliwa soko la Mwanjelwa kwa mchango wa akina mama wale wale, wauza ndizi na wakulima wa chai. Yaani zawadi ya ukumbusho, ambayo kwingine mtalii hununua kwa fedha za kigeni, hapa imelipiwa na mkulima wa Rungwe. Mgeni akifika sokoni keshokutwa yake, tayari ana vitenge vitatu.

Jambo la tatu ni risiti. Fedha za ziara ni sadaka za watu, na mhazini wa kundi atasimama mbele ya washarika wake kueleza kila dola. Hoteli kubwa itampa risiti ya EFD. Kijana aliyebeba mikoba sita hadi kwenye ukingo wa Ngozi hana risiti, kwa hiyo analipwa bakshishi, yaani kile kilichobaki mfukoni. Kanuni za mwaka 2025 zilizokataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni zimesaidia kuweka hesabu katika shilingi, lakini mgeni bado anafika na noti za dola kwenye bahasha, nyingine zenye tarehe ya kabla ya 2006 ambazo dukani hazipokelewi, na lipa namba hawezi kuitumia kwa sababu hana laini ya simu yenye fedha. Mnunuzi yupo, bidhaa ipo, malipo hayapiti. Mwaka huohuo, Julai, serikali iliwazuia wasio raia kufanya biashara 15, mojawapo ikiwa kuongoza watalii. Nafasi ya vijana wa Mbeya imelindwa kisheria. Sasa wanahitaji leseni na kitabu cha risiti.

Sasa Iringa. Wageni wa Bega kwa Bega, na wengine wanaopita, wana Hifadhi ya Ruaha kama kilomita 130 kutoka mjini. Wasio na muda huo wanakwenda Isimila kuona zana za mawe, au Kalenga kuona fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Lakini kinachojaza sanduku ni Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha ikiwa na vijana watatu wasiosikia. Mgeni anaona kitambaa kikifumwa na karatasi ikitengenezwa, anaandika oda yake kwenye karatasi, anakunywa kahawa iliyoletwa na mhudumu asiyesikia, kisha anapita dukani. Anaondoka na risiti na mfuko uliojaa. Hakuna aliyemwomba msaada, amenunua. Vikapu vya milulu vya Wahehe vinamfaa kuliko chungu, maana ni vyepesi na vinaingizwa kimoja ndani ya kingine.

Mbeya haina duka la namna hiyo linalotajwa kwenye ratiba za makundi, na inashangaza, kwa kuwa bidhaa zake zinabebeka kuliko za Iringa. Kahawa ya arabika ya Rungwe na ya jirani zake wa Mbozi, chai ya Rungwe, kakao ya Kyela. Parachichi tuliache, forodha ya Marekani haipokei matunda mabichi kutoka kwa abiria. Kahawa iliyokaangwa inapita bila maneno. Mwaka juzi nilitafuta mjini kahawa ya kumpa mgeni wangu, nikaishia kuuziwa buni mbichi ndani ya bahasha ya kaki isiyo na jina, na muuzaji akaniambia kwa upole nikakaange mwenyewe nyumbani. Mgeni yule aliinunua kahawa yake Dar es Salaam, uwanja wa ndege, kwa dola.

Pakiti ya nusu kilo, iliyokaangwa, yenye tarehe, jina la kijiji na bei ya shilingi, haihitaji ruzuku ya mfadhili. Inahitaji chama kimoja cha ushirika, mashine moja ya kukaangia, na meza kwenye hosteli ambako wageni wanalala usiku wa mwisho. Ziongezwe na chai, vibakuli vya Lyulilo na risiti, na wastaafu walioshindwa kupanda Ngozi wapelekwe shambani kuchuma buni na kuonja wakati wenzao wako mlimani.

Ratiba za makundi ya Juni huanza kuandikwa Januari. Viongozi wa vyama vya ushirika (AMCOS) vya Mbozi na Rungwe wanaosoma ukurasa huu wampelekee katibu wa dayosisi au wa jimbo pakiti ya mfano kabla ya Krismasi.