Ahadi ya 'milele' iliyodumu miaka 111: Wahamiaji na jeshi la Urusi

FAMILIA za Kijerumani zilizohamia Urusi katika karne ya 18 ziliahidiwa kwamba wana wao hawatalazimishwa kuwa askari. Ahadi hiyo ilivunjwa mwaka 1874, na kila familia ikalazimika kuchagua kati ya kubaki na kuhama tena.

Ahadi yenyewe ilitolewa na Malkia Catherine wa Pili katika tangazo la Julai 1763, alipotafuta wakulima wa kulima maeneo yaliyokuwa hayajaendelezwa kando ya mto Volga. Wageni walipewa ardhi, uhuru wa dini, msamaha wa kodi wa hadi miaka 30 na kinga dhidi ya utumishi wa jeshi.

Kinga hiyo haikuwa jambo dogo. Wakati huo jeshi liliwategemea wakulima wa Kirusi, ambao baadaye muda wao wa utumishi uliwekwa kuwa miaka 25. Kijana aliyechukuliwa aliagwa kana kwamba anakwenda kuzikwa.

Mambo yalibadilika baada ya Urusi kushindwa katika vita vya Crimea, vilivyomalizika mwaka 1856. Waziri wa Vita, Dmitry Milyutin, alitaka jeshi la watu wa matabaka yote. Sheria ya Januari 1874 iliwataka vijana wote wanaofikia umri wa kuitwa jeshini waokote kura. Aliyeangukiwa na kura alitumikia nchi kavu miaka sita, kisha miaka tisa katika jeshi la akiba.

Sheria hiyo iliitazama hali ya nyumbani. Mwana wa pekee, au kijana aliyekuwa tegemeo pekee la familia, alisamehewa wakati wa amani. Aliyesoma alipunguziwa muda. Mhitimu wa chuo kikuu alitumikia miezi sita tu.

Walioguswa zaidi ni Wamennonite, dhehebu ambalo leo lina waumini hata mkoani Mara, nchini Tanzania. Imani yao inawakataza kubeba silaha. Takriban 18,000 kati yao walihamia Marekani na Kanada katika miaka ya 1870 na 1880. Serikali, kwa kuogopa kupoteza wakulima hodari, iliwaruhusu vijana wa waliobaki kutumikia kwa kupanda na kutunza misitu badala ya kushika bunduki.

Wajerumani wengine wa Volga walielekea Marekani na Argentina, lakini wengi walibaki na kuvaa sare.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, maelfu ya wana wao walipigana upande wa Urusi, wengi wakipelekwa Caucasus kukabiliana na Waturuki, mbali na Wajerumani wenzao. Hata hivyo, mwaka 1915 serikali hiyo hiyo ilitunga sheria za kuwanyang'anya ardhi wakulima wa asili ya Kijerumani katika maeneo ya mpakani.

Hivyo, kijana aliweza kuwa mstari wa mbele akiilinda Urusi, huku nyumbani wazazi wake wakihesabiwa kuwa maadui.