Biashara Chini ya Viza ya Mwenza Nchini Marekani

Anayemfuata mume au mke Marekani kwa kawaida huingia nchini humo kwa viza ya mtegemezi, yaani ruhusa ya kuishi inayotokana na ruhusa ya mwenza aliyetangulia kwa masomo au kwa kazi. Haki yake ya kujitafutia riziki hupimwa kwa aina ya viza ya huyo mwenza, wala si kwa elimu, mtaji au ustadi wake mwenyewe, na ndiyo maana wahasibu wawili waliohitimu pamoja Nairobi wanaweza kutofautiana kabisa wakifika huko, mmoja akafungua ofisi na mwingine akakatazwa hata kutunza hesabu za duka la jirani kwa malipo.

Mwenza wa mwanafunzi mwenye viza ya F-1 hupewa F-2, ambayo haimruhusu kufanya kazi yoyote ya kipato. Mwenza wa mfanyakazi aliyehamishwa na kampuni yake kutoka tawi la nchi nyingine hupewa L-2, na tangu Novemba 2021 huyo huhesabiwa kuwa ana ruhusa ya kufanya kazi bila kuomba kibali cha pekee. Katikati wapo wenye H-4, ambao wenza wao ni wataalamu walioajiriwa kwa viza ya H-1B. Kanuni iliyoanza kutumika Mei 26, 2015 inawaruhusu kuomba kibali cha kazi pale tu ambapo mwenza amepiga hatua fulani kuelekea ukaazi wa kudumu, kwa mfano ombi lililowasilishwa na mwajiri wake likiwa limekwisha kuidhinishwa. Kibali hicho hakimfungi mtu kwa mwajiri mmoja, hivyo aliye nacho anaweza kujiajiri, hata kuajiri wengine.

Wengi hukwama kwenye tofauti kati ya kumiliki biashara na kuifanyia kazi. Majimbo ya Marekani huandikisha kampuni bila kudai kibali cha kazi cha mmiliki, na mwenye F-2 anaweza kumiliki hisa na kupokea gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, kama mwekezaji yeyote aliye ng'ambo. Hata hivyo cheti cha usajili, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki, hata vikikusanywa vyote, havifikii kuwa kibali cha kazi. Msusi anayesuka nywele za wateja sebuleni kwake akalipwa, iwe kwa fedha taslimu au kwa M-Pesa katika simu ya dada yake aliyeko Kenya, amefanya kazi Marekani, kwa kuwa kinachotazamwa ni mahali kazi ilipofanyika, si mahali malipo yalipopokelewa. Kodi nayo haihalalishi kazi hiyo, kwani hudaiwa kwa kipato hata kama kimepatikana bila ruhusa, ilhali kazi isiyo na kibali huvunja masharti ya viza na inaweza baadaye kuzuia ombi la ukaazi wa kudumu.

Kanuni hizi zinaumiza, na mzigo wake huwaangukia zaidi wanawake, maana ndio wengi miongoni mwa wenye H-4. Mtu aliyeendesha duka la dawa au karakana ya ushonaji kwao hulazimika kukaa miaka akisubiri karatasi ya mwajiri asiye wake. Ni vigumu kuona taifa linalompokea linafaidika na nini kwa kumzuia.

Hata aliyepata kibali hajatoka kwenye utegemezi, kwa kuwa ndoa ikivunjwa mahakamani hadhi ya H-4 nayo hukoma, na mwenza akipoteza kazi familia kwa kawaida hubakiwa na muda usiozidi siku 60 wa kupata njia nyingine ya kubaki au kuondoka. Kibali chenyewe kina tarehe ya mwisho. Zamani aliyewahi kuomba upya aliweza kuongezewa muda moja kwa moja, kwa kipindi kilichofika hadi siku 540, lakini nyongeza hiyo iliondolewa kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia Oktoba 30, 2025. Kwa hiyo mwenye mgahawa hana budi kuomba mapema, miezi sita kabla ya kibali kuisha, na kumwandaa msimamizi mwenye ruhusa yake mwenyewe ya kazi, ili kibali kikiisha kabla ya kipya kufika, yeye abaki mmiliki tu na jiko liendelee kuwaka.