Madoa meupe: Ugonjwa wa kambamiti unaozuiwa kabla ya bwawa kujazwa

MFUGAJI wa kuku akisikia mdondo umeingia kijiji cha jirani, hukimbilia chanjo. Mfugaji wa kambamiti hana pa kukimbilia. Ugonjwa wa madoa meupe, unaosababishwa na virusi, ukishalipuka bwawani unaweza kuua karibu kambamiti wote katika siku 3 hadi 10, na hadi leo hakuna dawa ya kuuponya.

Habari hii inamhusu mkazi wa Mtanda, Manispaa ya Lindi, na wenzake wa Kilwa, hata asiye na bwawa. Mwambao huu una mikoko, maji ya chumvi na mashamba ya chumvi, mambo yanayowavutia wanaotaka kufuga viumbe wa baharini. Una pia wavuvi wadogo wanaoishi kwa kambamiti na kaa wa porini. Virusi hivi huingia katika viumbe hao wote.

Ugonjwa ulianza kujulikana Taiwan na China mwaka 1992, ukaenea Japani, Thailand na India, na mwaka 1999 ukaipiga Ecuador, mmoja wa wauzaji wakubwa wa kambamiti duniani. Mwaka 2011 uliingia Msumbiji, katika mabwawa ya Quelimane, na mwaka 2012 ukathibitishwa Madagaska. Nchi hizo mbili zilikuwa zimefuga kwa miaka mingi bila ugonjwa huo, zikiuza kambamiti wao Ulaya kwa bei nzuri.

Dalili zake ni kambamiti kuacha kula, kujikusanya kandokando ya bwawa, mwili kuwa mwekundu na madoa meupe kuonekana kwenye gamba. Hata hivyo, madoa hayaonekani kila mara. Kambamiti anaweza pia kubeba virusi bila dalili yoyote, kisha ugonjwa ukalipuka pale joto la maji linaposhuka au mvua kubwa inapopunguza chumvi ghafla. Binadamu hadhuriki kwa kumla kambamiti mwenye virusi hivi.

Watafiti wametafuta chanjo kwa miaka mingi. Kikwazo kikubwa ni mwili wa kambamiti wenyewe. Kuku akichanjwa, damu yake hutengeneza kinga inayomkumbuka adui. Kambamiti hana kinga ya aina hiyo. Ndiyo maana utafiti mwingi ulielekezwa kwenye njia nyingine: kuzalisha kambamiti wasio na virusi katika vituo vilivyofungwa, na kuwapima kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi.

Hapa mfugaji anapaswa kuwa makini na maneno ya muuzaji. Kifaranga safi si kifaranga sugu. Safi maana yake ametoka kwenye kituo bila virusi. Akiwekwa katika maji yenye virusi ataugua kama mwingine.

Ugonjwa huingia kwa njia zinazojulikana. Kubwa ni vifaranga na kambamiti wazazi wanaosafirishwa wakiwa hai. Nyingine ni kaa wanaotambaa kutoka mikokoni, maji yasiyochujwa yanayoingizwa wakati wa bamvua, na mabaki ya kambamiti wabichi yanayotumika kama chakula au chambo. Kugandisha kwenye barafu hakuviui virusi. Kupika vizuri kunaviua.

Hesabu ya fedha inaonyesha wapi pa kuweka nguvu. Chukua mfano wa bwawa la hekta 1 lenye vifaranga 10 kwa kila mita ya mraba. Hao ni vifaranga 100,000. Wakipona 70,000 na kufikia gramu 25 kila mmoja, mavuno ni kilo 1,750. Ugonjwa ukiingia mwezi wa pili, fedha ya vifaranga, chakula, mafuta ya pampu na mishahara imekwisha kutumika, na bado hakuna kilo hata moja ya kuuza.

Upande wa pili, jike mmoja hutaga mayai laki kadhaa. Gharama ya kumpima jike huyo ikigawanywa kwa vifaranga wake, kila kifaranga hubeba kiasi kidogo mno. Vifaranga nao hupimwa kwa sampuli. Wakichukuliwa 150 bila kuchagua kutoka kundi kubwa, na 2 katika kila 100 wakawa na virusi, basi uwezekano wa kumpata angalau mmoja mwenye virusi kwenye sampuli ni asilimia 95, iwapo kipimo hakikosei. Wanaweza kusagwa pamoja kwa mafungu ili kupunguza gharama.

Tanzania ina uzoefu wa kujadili ufugaji huu. Miaka ya 1990, mradi mkubwa uliopangwa katika delta ya Rufiji ulipingwa vikali na haukutekelezwa. Mjadala ulihusu zaidi mikoko na ardhi ya wananchi. Baadaye kampuni ya Alphakrust ilianzisha ufugaji wa kambamiti Mafia. Yaliyotokea Quelimane yameongeza swali ambalo wakati wa Rufiji halikupewa uzito huo: vifaranga watatoka wapi, na nani amewapima?

Swali hilo lina uzito kwa wavuvi. Mwaka 2007 Serikali ilisimamisha uvuvi wa kambamiti kwa meli za kukokota nyavu kwa sababu kambamiti walikuwa wamepungua baharini. Maji ya bwawa lenye ugonjwa yakifunguliwa kwenda mkondoni, kaa na kambamiti wa porini wanaweza kuvibeba virusi na kuvirudisha bwawani msimu ujao. Mwenye mradi anaweza kufunga na kuondoka. Mvuvi atabaki palepale.

Kwa hiyo kijiji au halmashauri inayoombwa eneo la mabwawa iulize mambo manne kabla ya kutoa idhini: cheti cha vipimo vya wazazi na vifaranga, chujio na bwawa la kutulizia maji, uzio wa kuzuia kaa, na mpango wa kuua virusi kwa klorini kabla maji ya bwawa lililougua hayajafunguliwa. Gharama zake ziwe ndani ya mtaji wa mwenye mradi tangu siku ya kwanza. Mradi usioweza kuzibeba unamwachia mvuvi hasara ambayo hakuikopa.