Siku Nne Bila Choo? Usione Haya, Soma Hapa!

Dada msomaji, hebu tuseme ukweli. Uko bwenini Malinyi, mlango wa choo umeng'oka, foleni ndefu, kengele imeshalia. Unabana. Au ni likizo, umeshinda shambani ukiamia ndege kwenye mpunga, na kaka zako wako hapo hapo. Unabana tena. Siku ya nne tumbo limejaa, choo kigumu kama jiwe, na huthubutu kumwambia mtu. Eti ni aibu!

Si aibu hata kidogo. Kufunga choo ni tatizo la mwili, na huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume. Ukienda haja kubwa chini ya mara 3 kwa wiki, au kila ukienda unajikamua kwa nguvu, basi umefunga choo. Likidumu miezi 3 au zaidi, limekuwa tatizo sugu.

Kwa nini kubana kuna madhara? Kinyesi kikichelewa ndani, utumbo mpana unaendelea kufyonza maji yake, kinakauka. Pia chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama machela, inayosaidia kufunga njia ya haja. Ukizoea kubana, misuli hii inaweza kusahau kulegea. Wewe unasukuma, yenyewe inakaza! Ni sawa na kusukuma mlango wenye komeo.

Fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, si ya waliovunjika miguu tu. Mtaalamu wake huifundisha misuli hiyo kulegea tena. Wewe anza na haya:

1. Nenda chooni wakati ule ule kila siku, kama nusu saa baada ya chai ya asubuhi. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huamka.

2. Chuchumaa. Hapa choo cha shimo kina faida: magoti yakipanda, njia hunyooka. Kwenye choo cha kukalia, weka miguu juu ya kigoda, uinamie mbele.

3. Usizuie pumzi. Vuta hewa mpaka tumbo litoke, kisha itoe polepole kwa mdomo kama unayepoza uji. Legeza taya na makalio.

4. Lala chali, usugue tumbo kwa dakika 10. Anzia chini kulia, panda hadi mbavuni, vuka kwenda kushoto, kisha shuka. Usifanye hivi ukiwa mjamzito au tumbo likiuma sana.

Kunywa maji, kula matembele, maharage, papai na ugali wa dona. Dawa za kuharisha usizizoee bila ushauri.

Ukiona damu, ukitapika, ukikonda, au tumbo likivimba na hata hewa haitoki, wahi kituo cha afya. Tatizo likigoma, omba kuelekezwa hospitali kubwa, kama ya Mtakatifu Fransisko kule Ifakara, uulize kuhusu fiziotherapia.

Na nyie viranja, wavulana kwa wasichana: ule mlango uliong'oka, kamwambieni mwalimu leo. Nao ni dawa!